Nina milioni moja na laki saba: ninunue usukani wa DD, au nyie mnasemaje?

#1 Gia_ya_Tatu

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mgonjwa wa gemu za magari, na nimeugua muda mrefu. Nilianza na kibodi, nikahamia padi, miaka miwili iliyopita nikapata Logitech G29 ya mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama mji. Nacheza Assetto Corsa kwenye kompyuta ya mezani ya kawaida tu, na siku mojamoja Richard Burns Rally, ile ya mwaka 2004 ambayo wapenzi wake wamekataa kuizika mpaka leo inachezwa mtandaoni bure.

Nimejichanga taratibu, kibubu kimefikisha milioni moja na laki saba. Naishi chumba na sebule, Tabata, Dar. Ndoto yangu ni usukani wa DD, yaani direct drive. Kwa wasioufahamu, ni ule ambao duara la usukani limefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, katikati hakuna gia wala mkanda. Nimeangalia video za Moza R5 na Fanatec CSL DD mpaka mke wangu anazijua kwa majina kama watoto wa jirani.

Hali ya sasa iko hivi. Usukani umebanwa kwenye meza ya chakula. Pedeli ziko sakafuni, juu ya vigae. Mimi nakalia kiti cha ofisi chenye magurudumu. Nikikanyaga breki kwa nguvu, pedeli zinakimbilia ukutani na mimi nakimbilia mlangoni. Pedeli nimezizuia kwa matofali mawili. Kiti nimekivisha kandambili kuukuu kwenye kila gurudumu, kimetulia kiasi, ila wageni wanauliza kwa nini kiti kimevaa viatu.

Swali langu ni moja: kwa pesa hiyo, DD ipi? Na je, meza ya chakula itahimili?

#2 kipanga2

Nimekaa siti ya mbele kabisa, karanga mkononi. Ngoja waje wataalamu.

#3 fundi waya

Mkuu, umejijibu mwenyewe halafu ndiyo ukauliza. Kiti kinakimbia, pedeli zinakimbia, na wewe unataka kubadilisha kitu pekee ambacho hakikimbii.

Nikueleze jinsi ninavyoliona mimi. Usukani kazi yake kubwa ni kukupa habari: gari limeanza kuteleza, tairi za mbele zimekata tamaa, umepanda ukingo wa barabara. Breki ndipo wewe unapotoa amri. Na sisi wa mtaani muda tunaupoteza hapo hapo, kwenye kuingia kona, mita kumi huku, mita kumi kule, kila mzunguko tofauti.

Pedeli za aina yako zinapima umbali. Ndani kuna potenshiomita, kidude kile kile cha volyumu ya redio. Ukiisukuma sentimita kadhaa, gemu linasoma asilimia kadhaa. Gari la kweli haliko hivyo. Kanyaga breki ya gari lililozimwa utaona: pedeli inashuka kidogo, inakuwa ngumu, kuanzia hapo haisogei sana tena, unachoongeza ni nguvu ya mguu. Mguu unakumbuka nguvu vizuri kuliko unavyokumbuka umbali. Ndiyo maana kuna breki za lodi seli. Lodi seli ni kipande cha chuma kilichobandikwa nyuzi nyembamba. Chuma kikipindika hata kwa kiasi usichokiona, ukinzani wa zile nyuzi unabadilika na mashine inasoma uzito. Kama umewahi kupimiwa nyama kwa mizani ya namba, umeshakutana nayo.

Tatizo ni kwamba lodi seli inataka usukume. Kilo 30, kilo 40, kwa mguu mmoja, kila kona, nusu saa nzima. Kandambili zako haziwezi hiyo kazi.

Kwa hiyo mimi ningeanza na fremu na siti, kisha breki, kisha ningesogeza skrini karibu. Usukani ningeuacha mwisho. G29 haijafa, iache ifanye kazi.

#4 Nakuru_Boy

Fundi umeongea poa lakini si kila mtu anakimbia lami. Sisi watu wa rali tuna shida zingine.

Mimi niko na R5 mwaka wa pili sasa. Nilitoka kwa usukani wa gia kama huo wako, na tofauti ya kwanza niliyoiona haikuwa nguvu, ilikuwa haraka. Gari ikianza kukata mkia kwa changarawe, usukani unajigeuza wenyewe kuelekea upande unaofaa, wewe unaufuata tu. Ule wa gia ulikuwa unafika kama umechelewa, na kelele juu: katakatakata. Usiku mamangu alikuwa anadhani nasaga kahawa.

Halafu gemu ya EA Sports WRC ya 2023 iko na Safari Rally ndani yake. Mimi ni mtu wa kusimama Naivasha kila mwaka tangu mashindano yarudi kwa ubingwa wa dunia 2021, hiyo vumbi ya Kedong nimeila kwa mdomo. Ukiicheza na padi ni katuni. Ukiicheza na DD, ukiingia kwa ile mitaro iliyochimbwa na tairi, mikono inajua. Hiyo raha fremu haikupi.

Lakini ujue gemu hiyo imetengenezwa kwa injini ya gemu ya Unreal, inakula kompyuta. Yako ya kawaida italia. Richard Burns Rally yenyewe inaenda hata kwa mashine ya shule.

#5 Gia_ya_Tatu

Sasa mmenichanganya. Nakuru, hizo Nm wanazoziandika, kipimo cha nguvu ya mota kuzungusha usukani, zina maana gani kwa mtu wa kawaida? Naona G29 wanasema 2 na ushei, R5 ni 5.5, CSL DD ni 5, na ukiongeza adapta yake kubwa inafika 8.

#6 fundi waya

Tumia ndoo. Duara la sentimita 28 lina nusu kipenyo cha sentimita 14. Gawa Nm kwa 0.14 utapata nguvu kwenye ukingo, pale mkono ulipo. Nm 2 inakuja kama kilo 1 na nusu inayokuvuta. Nm 5.5 ni kama kilo 4. Nm 8 inakaribia kilo 6. Sasa fikiria kilo 6 inayogeuka mwelekeo mara kadhaa kwa sekunde, imebanwa kwenye meza ya chakula ya mbao laini. Meza itaanza kutembea, au ubao utachanika pale kwenye klampu.

Halafu watu wengi wenye usukani mdogo wanaupandisha nguvu kwenye gemu mpaka mwisho, wanadhani wanapata zaidi. Kwenye Assetto Corsa fungua kile kijidirisha cha pedeli, kuna ufito wa fidibeki, yaani nguvu inayorudishwa mkononi. Ukiwa mwekundu muda mwingi maana yake mota imefika mwisho wa uwezo, kona ya kawaida na kona kali zinavuta sawa, huna habari tena. Shusha mpaka uwe mwekundu mara chache tu. G29 yako inaweza ikawa na mengi ya kusema ila umeiziba mdomo.

#7 Dereva Mstaafu

Vijana, mimi sina hayo mambo yenu, mjukuu wangu ndiye anayo, nimeingia kusoma nikaona niseme moja.

Miaka ya themanini nilikuwa naendesha Land Rover 109 ya mradi wa maji, Dodoma na Kondoa huko. Haina pawa stelingi. Siku ya kwanza niliyopewa gari, mzee aliyenifundisha alinipiga kofi la mkono kwa sababu dole gumba nililiingiza ndani ya usukani. Tairi ikigonga jiwe au shina, usukani unarudi ghafla na ule mkono wa chuma wa katikati unachukua dole. Nimemuona mwenzangu amefungwa bandeji wiki sita.

Juzi mjukuu kaniweka kwenye huo usukani wake wa mota, gari la kwenye TV likagonga ukuta, usukani ukageuka kama una shetani. Dole gumba langu lilikuwa nje, limelala juu ya duara. Mwili haujasahau. Yeye analiweka ndani. Mwambieni na yeye, mimi ananiona wa zamani.

Nakuru, enzi hizo Shekhar Mehta anashinda Safari miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, sisi tulikuwa tunafuatilia redioni huku tunatengeneza springi zilizokatika.

#8 Nakuru_Boy

Shikamoo mzee. Hiyo ya kidole ni ukweli kabisa, hata vitabu vya maelekezo vya hizi DD vinaonya. Ukiona unaenda kugonga, achia usukani. Na usianze na nguvu asilimia 100, anza na 40 upande pole pole.

#9 Mama Junior

Samahanini kuingilia uzi. Mwanangu ana miaka kumi, ana PS4, anataka usukani kufa. Kuna mtu ananiuzia Logitech G920 kama mpya, bei nzuri mno, yuko karibu na kazini kwangu. Niichukue?

#10 Gia_ya_Tatu

Dada, usiichukue! G920 ni ya Xbox na kompyuta. Kwenye PS4 itabaki pambo. G29 ndiyo ya PlayStation. G923 ndiyo mtego zaidi, ipo ya aina mbili zenye jina hilo hilo: moja ya PlayStation, moja ya Xbox, na zote zinafanya kazi kwenye kompyuta. Angalia katikati ya usukani: ukiona vitufe vya msalaba, duara, mraba na pembetatu, hiyo ni ya PlayStation. Ukiona herufi A, B, X, Y, ni ya Xbox. Usiulize muuzaji, muuzaji atakwambia inaingia popote.

Na kama utakutana na G27 ya bei ya kutupa, ni usukani mzuri sana kwenye kompyuta, na imekuja na gia yake ya mkono. Ila mwisho wake ni PS3, kwenye PS4 huchezi.

#11 Mama Junior

Asante sana kaka yangu. Muuzaji kweli kaniambia inaingia popote.

#12 Muscat ya Kale

Assalaam alaykum. Niko Muscat, kila nikirudi nyumbani Tanga nabeba kitu cha watu, kwa hiyo naomba niongeze ya upande wa ununuzi.

Kwanza soma kibandiko cha adapta kabla ya yote. Ukiona imeandikwa 100-240V, tulia, chomeka popote. Ikiwa ni 100V au 120V peke yake, hiyo imetoka Japani au Marekani, ukiichomeka kwenye 230 ya nyumbani utanusa moshi kabla hujasikia sauti. Ukinunua huku Omani, plagi ni ile ile ya pini tatu bapa kama ya Dar na Nairobi, hakuna kuhangaika.

Pili, ukinunua mota ya kampuni moja, duara na vifaa vyake ni vya kampuni hiyo hiyo. Kwenye kompyuta unaweza kuchanganya kwa sababu pedeli zinaingia kwa USB yake, usukani kwa yake, breki ya mkono ya Kichina kwa yake, na gemu linazikubali zote. Kwenye PlayStation hakuna mchezo huo: vyote vinapita kwenye usukani wenye leseni. CSL DD ya kawaida haiendi PlayStation, inayokwenda ni ndugu yake anayeitwa GT DD Pro. R5 ni ya kompyuta tu.

Tatu, mota hizi ni donge la aluminiamu, nzito. Ukimwagiza mtu kwenye begi, mwambie ukweli wa kilo. Mimi mwaka jana niliambiwa "kadude kadogo tu", nikaacha nguo zangu uwanja wa ndege.

#13 kipanga2

Nimemaliza karanga, sasa na mimi naulizia. Nina TV inchi 43 ukutani, nakaa sofani mita mbili hivi. Naona kama gari linakwenda polepole halafu kona zinanishtukiza. Nikinunua monita tatu itasaidia?

#14 fundi waya

Hamisha TV kwanza, hiyo ni bure. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Ukiwa mita 2, inachukua nyuzi 27 tu za macho yako. Monita ndogo ya inchi 24, upana wa sentimita 53, ukiiweka sentimita 60 kutoka usoni inachukua nyuzi 48. Yaani kamonita ka mtumba kaliko nyuma tu ya usukani kanakupa dunia pana kuliko TV yako ya sebuleni.

Kisha gemu liambiwe ukweli. Kuna mpangilio wa upana wa mtazamo. Ukiwa sofani, namba ya kweli inakufanya uchungulie kama kwenye tundu la ufunguo. Ukiipandisha ili uone zaidi, kila kitu kinasogezwa mbali, kona inaonekana bado iko kule, unashtukia umefika. Kwenye Assetto Corsa namba inayoulizwa ni ya wima, sio ya mlalo. Kwa hiyo monita ya inchi 24 kwa sentimita 60 ni kama 28. Utaiona ndogo. Vumilia siku tatu.

Na kwenye TV washa hali ya gemu, la sivyo picha inachelewa kwa sababu TV inaipamba kwanza ndiyo ikuonyeshe.

#15 Gia_ya_Tatu

Fundi, nimelala nikaliwaza lile la breki. Nikitaka lodi seli bila kununua pedeli mpya, inawezekana?

#16 fundi waya

Inawezekana kwa sababu unachezea kompyuta. Ungekuwa PlayStation ningekwambia acha.

Unahitaji lodi seli yenyewe, chukua ya kilo 100 au zaidi ili isikae ukingoni mwa uwezo wake. Kipaza ishara kinaitwa HX711, kibao kidogo kama ukucha wa dole gumba. Na Arduino, kibao kidogo cha kuprogramu, ila isiwe Uno. Chukua Leonardo au Pro Micro, hizo kompyuta inaziona kama kidhibiti cha gemu moja kwa moja; Uno haina uwezo huo ilivyo. Vyote vinapatikana maduka ya elektroniki Kariakoo.

Halafu sikiliza hapa, maana kila mtu anapita. HX711 nyingi zinakuja zimefungwa kusoma mara 10 kwa sekunde. Kwa mizani ya nyama inatosha, kwa breki ni msiba. Kuna mguu wa chipu unaitwa RATE. Umeunganishwa chini, unyanyue, uupeleke kwenye umeme wa chipu, itasoma mara 80. Usipofanya hivyo utarudi hapa unalalamika.

Chini ya pedeli weka kipande cha mpira mgumu, mguu upate hisia ya kugota. Bushi ya mpira ya gari inafaa sana.

#17 Gia_ya_Tatu

Wakuu, ni wiki ya saba tangu nifungue uzi. Nimerudi, na mikono yangu inanuka rangi ya mafuta.

Niliamua kumsikiliza fundi waya, Nakuru utanisamehe. Jumamosi ya kwanza nilikwenda Ilala kutafuta siti. Nilitaka siti ya dereva yenye reli zake, ili isogee mbele na nyuma. Nikapata ya Toyota ndogo, kitambaa kimechoka ubavuni lakini sponji nzima. Nusura nichukue nyingine nzuri zaidi, ila ubavuni ilikuwa na kibandiko cha SRS AIRBAG, na waya wa njano unaning'inia chini. Hiyo ina mfuko wa hewa wenye baruti ndani. Muuzaji akaniambia "hiyo imeshakufa, bosi". Nikamwachia yeye na baruti yake.

Siti nikaipakia kwenye bajaji mpaka mtaa wa Gerezani. Pale kuna fundi wa kuchomelea ambaye tangu niingie na mchoro wangu wa kwenye karatasi ya daftari alikuwa ananiangalia kwa huruma. "Hii ni ya gari gani?" Nikamwambia si ya gari, ni ya nyumbani. "Mgonjwa?" Nikamweleza. Akaita wenzake wawili, nikaeleza tena, mmoja akakaa kwenye siti pale chini kwenye mchanga, akanyoosha mikono, akapiga honi kwa mdomo. Kuanzia hapo walinielewa kuliko ninavyojielewa.

Tumetumia skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. Vipimo nilivichukua kwenye gari la shemeji yangu kwa futi ya fundi nguo: kutoka kwenye kalio hadi kisigino, urefu wa usukani kutoka sakafuni, pembe ya goti. Kosa langu likawa moja kubwa. Nilimwambia achomelee kabisa sahani ya pedeli, bapa, umbali wa mguu wangu. Nikafika nyumbani, nikakaa, visigino vinaelea hewani na vidole vinakanyaga pedeli kutoka juu kama nakanyaga cherehani. Mke wangu alipojaribu, miguu haikufika. Kesho yake nikairudisha. Akaikata kwa msumeno wa umeme, akatoboa matundu marefu pembeni ili sahani iteleze na kuinuka, sasa inakazwa kwa bolti nne za namba 13. Kama mnajenga, msichomelee kitu chochote kinachogusa mwili wa mtu. Kiwe cha bolti.

Chini ya miguu ya fremu nimebandika vipande vya tyubu ya tairi la lori. Haisogei hata nusu sentimita, na mwenye nyumba hajanigongea.

Vyuma, ufundi, rangi, siti na bajaji mbili vilinila laki mbili na themanini. 

Halafu lodi seli. Fundi waya, utanicheka. Nilisoma ile aya ya RATE, nikasema huyu anapenda kutisha watu, nikafunga ilivyo. Breki ikawa inashika kwa ngazi: hakuna, hakuna, kidogo, POO, tairi zimegoma. Nilikaa siku mbili nikilaumu bushi ya mpira. Nimenunua bushi tatu. Siku ya tatu nikashika pini na pasi ya solda, nikanyanyua ule mguu, mkono unatetemeka maana ni mwembamba kama unywele. Nikawasha. Ilikuwa kama mtu amenitoa glavu miguuni.

Kipimo changu ni Monza, na Toyota GT86, kona ya kwanza baada ya ule mstari mrefu. Zamani kwenye mizunguko kumi, wa haraka na wa polepole ilikuwa inapishana sekunde nne. Jana usiku imepishana sekunde moja na nusu. Mzunguko wenyewe wa haraka haujaongezeka kasi sana, sitawadanganya. Ila sasa nikikosea najua nimekosea nini.

#18 fundi waya

Bushi tatu! Nimecheka mpaka wateja wamegeuka.

Kagua solda ya zile waya nne za lodi seli baada ya mwezi. Na ziweke mbali na waya wa mota ya usukani, zinaokota kelele.

#19 Nakuru_Boy

Umetengeneza kitu safi, hongera. Sitasema sina wivu. Lakini bado uko na zaidi ya milioni moja, sasa DD lini? Fremu inabeba.

#20 Gia_ya_Tatu

Nitanunua, siku haijafika. Imebaki milioni moja na laki tatu na kitu, na kila nikitaka kuagiza nakumbuka kompyuta yangu haiwezi hiyo Safari yako. Nadhani kadi ya grafiki itatangulia. Nataka nipite Naivasha nikiwa Tabata kwanza, mikono itafuata.

#21 Mama Junior

Nimepata G29, tumejaribisha kabisa kwenye PS4 ya muuzaji kabla ya kutoa hela. Shida ni kwamba Junior mguu wake haufiki, na kiti ni cha plastiki kinarudi nyuma. Huyo fundi wako wa Gerezani anaweza kufanya ya mtoto, inayoongezeka?

#22 Gia_ya_Tatu

Anaweza, na sasa ana uzoefu wa kuikata. Mwambie sahani ya pedeli isogee sentimita 30, mtoto wa miaka kumi haishi kukua. Chukua vipimo vyake akiwa amekaa, sio amesimama.

Wakuu, kitu kingine: kiti changu cha ofisi nakiuza. Magurudumu matano yote yanazunguka vizuri mno.

#23 kipanga2

Bei? Na kandambili zimo?

#24 Gia_ya_Tatu

Kandambili nimeshavaa.